Kurasa Tatu za Kumuaga Padre Adrian

Wasikilizaji wapendwa, kamwene kwenu wa Iringa, ugonile kwenu wa Mbeya, na asalaam aleikum kwa wote ambao redio imewakuta dukani, shambani au jikoni. Kaeni sawa. Kama una chungu motoni, punguza moto kidogo, maana leo nitakuchelewesha. Mimi ni Hanifa Bushiri, na leo tunamkumbuka mtu aliyependa kuongea kuliko watangazaji wote wa kituo hiki tukiwekwa fungu moja.

Jina lake ni Padre Adrian Kalinga. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Padre Adrian Kalinga, mzaliwa wa Kilolo, aliyeishi miaka ishirini na mitano pale Kihesa, mjini Iringa. Alifariki mwezi wa nane mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na minane. Alizikwa bila wasifu kusomwa. Alizikwa bila hotuba. Hakukuwa na mshereheshaji, wala salamu za rambirambi kutoka kwa binamu wa mjomba upande wa baba. Ndivyo shirika lake la mapadre linavyozika, na ndivyo yeye mwenyewe alivyoandika kwamba azikwe.

Hebu fikirieni. Mtu wa maneno namna ile anazikwa kimya. Na huku dada yake, Mama Evarista, amefika msibani na kurasa tatu kwenye mkoba, kaziandika kwa mkono wake. Katika ukurasa wa tatu kuna jambo ambalo alikuwa hajalisema kwa miaka kumi na minane, na alitaka kulisema mbele za watu. Je, atapata pa kulisemea? Hiyo ndiyo habari yetu ya leo.

Tuanzie Kilolo. Adrian alizaliwa mwaka sitini na saba. Mama yao alifariki Adrian akiwa na miaka miwili tu, na Evarista akiwa na minane. Miaka minane, wasikilizaji. Mtoto akawa mlezi wa mtoto. Alimfunga mgongoni kwa kitenge cha marehemu mama yao, akaenda naye kuchota maji, akaenda naye kuchanja kuni, na siku nyingine akaenda naye mpaka dirishani pa darasa ili asikilize masomo akiwa nje.

Nilimtembelea Mama Evarista nyumbani kwake Kilolo wiki iliyopita. Ana miaka sitini na minne, mrefu, amenyooka, na kicheko chake kinaanza polepole kama gari la kusukuma. Akaniambia, "Mwanangu Hanifa, yule alianza kuongea kabla ya kutembea. Nikimbeba mgongoni njia nzima anaongea. Watu tukikutana nao walikuwa wanafikiri mimi ndiyo naongea peke yangu. Mama mmoja alikwenda kumwambia baba, huyu binti yako mwangalieni, kichwa hakiko sawa."

Alipofika miaka ishirini na moja, Adrian alishuka Mbeya, akaweka meza pale Mwanjelwa, akauza makoti ya mitumba. Mbeya na baridi yake, mnaijua. Lakini watu hawakuja kwa ajili ya baridi. Walikuja kumsikiliza Adrian. Meza ya jirani ilikuwa ya Mzee Bushiri, muuza khanga na vitenge, ambaye, nitangulie kukiri, ni baba yangu mzazi. Baba anasema, "Alikuwa anamwambia mteja koti hili limevaliwa na balozi. Mteja akiuliza balozi wa nchi gani, anajibu wa nyumba kumi. Mteja anacheka, koti limeuzwa. Mimi nimekaa tu na khanga zangu."

Mwaka tisini na tisa, siku ya Jumanne, alifika pale mezani mzee mmoja wa kizungu, kavaa kanzu nyeusi ya vifungo toka kooni mpaka miguuni. Aliitwa Padre Anselmi. Alikuwa amekuja Nyanda za Juu Kusini kuanzisha nyumba ya shirika lake, na alikuwa anasikia baridi. Adrian akaanza kazi yake. Akaeleza koti la kwanza, akaeleza la pili, akasimulia habari za Kilolo, akasimulia habari za dada yake, akarudi kwenye koti la kwanza. Baba yangu anaapa ilifika dakika arobaini. Yule padre alisimama tu, anasikiliza. Hakuangalia saa. Hakukatiza. Adrian alipoishiwa pumzi, padre akachagua koti, akashukuru, akaenda zake.

Adrian akakaa chini. Akamwambia baba yangu, "Mzee Bushiri, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyenisikiliza mpaka nikamaliza. Nataka kujua yule mtu amejifunzia wapi."

Mwaka uliofuata alifunga meza, akapanda basi la Iringa, akabisha hodi Kihesa. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Dada yake hakuulizwa. Hilo mlikumbuke, maana ndipo kidonda kilipoanzia. Dada alikuwa ameshamtafutia mchumba, amekwisha kuongea na wazazi wa binti, halafu akapata habari kwa dereva wa lori kwamba Adrian amevaa kanzu nyeusi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nyumba yenyewe ikoje? Linaitwa Shirika la Mapadre wa Mtakatifu Kasiani. Ni Wakatoliki kama Wakatoliki wengine, ila wanashika ibada ya zamani. Misa yao ni ya Kilatini. Padre anasimama kuelekea altare, watu nyuma yake, wote uso upande mmoja. Nyimbo hazina ngoma wala kinanda cha umeme; ni sauti za wanaume tu, zinapanda na kushuka taratibu. Kengele inawaamsha saa kumi na moja alfajiri. Wanasali kwa saa maalumu, wanalima, wanasoma, wanafuga nyuki. Baba yangu alipokwenda kuwatembelea mara ya kwanza, alikaa nje barazani akawasikia wakisali. Adrian alipotoka akamwuliza, "Mzee, si umeona ajabu?" Baba akasema, "Ajabu iko wapi? Mnasali kwa lugha iliyotoka mbali, mnaelekea upande mmoja, na mnaamka alfajiri. Mimi nilifikiri ni sisi peke yetu."

Lakini ipo desturi moja ya nyumba ile iliyokuwa mtihani kwa Adrian, nayo ni ya mezani. Pale Kihesa wanakula kimya. Kimya kabisa. Mmoja wao anasimama kwenye mimbari ndogo pembeni na kusoma kitabu kwa sauti: maisha ya mtakatifu fulani, au historia ya Kanisa. Wengine wanakula na kusikiliza. Ukitaka chumvi unaonyesha ishara. Ukitaka maji, ishara. Msomaji haachi kusoma mpaka mkuu wa nyumba apige kengele, na kengele ikilia ndipo mtu anafungua mdomo kwa kitu kingine zaidi ya ugali. Baada ya hapo wanapewa nusu saa ya mazungumzo. Nusu saa kwa siku nzima. Kwa Adrian Kalinga wa Mwanjelwa!

Mwaka wa kwanza ni wa majaribio. Mwezi wa kwanza tu Adrian alionywa kwa kuongea mezani: alimsifu mpishi. Mwezi wa tatu akaonywa tena: msomaji alikosea jina la mji, naye akamsahihisha. Padre Anselmi akamwita, akamwambia kwa upole kwamba ya tatu itakuwa safari ya kurudi kwenye makoti.

Basi ikafika siku ya ng'ombe. Adrian alikuwa amekaa akitazama dirisha. Nje ya dirisha kulikuwa na bustani ya kabichi, kipenzi cha Padre Anselmi, aliyezipanda mwenyewe kwa kamba na rula. Msomaji yuko katikati ya mateso ya mfiadini mmoja wa Roma. Adrian akamwona ng'ombe wa jirani anaingia bustanini. Akatazama huku na huku. Wenzake waliokaa upande wake nao wameona. Hakuna anayesema neno. Padre Anselmi kaipa bustani mgongo.

Adrian akatafuta ishara. Ipo ishara ya chumvi, ipo ya maji, ipo ya kijiko. Ya ng'ombe haipo. Iliyokaribia ni ya maziwa, unafanya kama unakamua. Akaifanya, macho yamemtoka, huku kidevu kinaonyesha dirisha. Padre Anselmi akatabasamu, akamsogezea jagi la maziwa. Adrian akanywa. Akafanya tena ishara, kwa nguvu zaidi. Akaongezewa. Alikunywa vikombe vitatu vya maziwa, wasikilizaji, huku anamtazama ng'ombe akimaliza mstari wa kwanza wa kabichi, wa pili, akageuka na kuanza wa tatu.

Kengele ilipolia wote waliruka kama wamemwagiwa maji ya moto. Wakamfukuza ng'ombe. Padre Anselmi akasimama kati ya mabua, akauliza, "Adrian, uliona. Kwa nini hukusema?" Adrian akajibu, "Padre, nimeshaonywa mara mbili. Kabichi zitapandwa nyingine. Mimi nikirudishwa Mwanjelwa nani atanipanda tena hapa?"

Wanasema yule mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo hiyo aliandika kwamba Adrian anafaa kuendelea. Na kuanzia siku hiyo nyumba ile ina ishara ya ng'ombe, wanaitumia mpaka leo, frateri mmoja, kijana anayesomea upadre, alinionyesha.

Akasoma. Kilatini kilimtoa jasho. Alikuwa anakikariri kwa mtindo wa kuuza makoti, anatembea kwenye kijia cha nyuki akinadi vitenzi kwa sauti. Mwaka elfu mbili na saba, akiwa na miaka arobaini, Adrian Kalinga alipewa upadre. Narudia, mwaka elfu mbili na saba. Siku ya pili yake alikwenda kwao Kilolo kusoma misa ya kwanza. Hapo ndipo tunafika kwenye lile jambo la ukurasa wa tatu.

Shirika lina desturi ya baraka za kwanza. Padre mpya anasimama mbele, mikono yake bado inanukia mafuta aliyopakwa, na watu wanakuja mmoja mmoja. Unapiga magoti, anakuwekea mikono kichwani, anakubariki, halafu unabusu viganja vyake. Wa kwanza huwa ni mama mzazi. Mama yao hakuwepo, na baba yao alikwisha kufa. Kwa hiyo aliyeitwa wa kwanza alikuwa Evarista.

Alikuwa amekaa na wanawake wa kwaya ya Kilutheri, maana Evarista aliolewa kwa Walutheri na yeye ni Mlutheri mpaka kesho. Akasimama. Akatembea mpaka mbele. Uwanja ulikuwa umejaa, watu mia tano hawapungui. Akamtazama mdogo wake ndani ya mavazi yale ya dhahabu. Akashika kiuno. Akasema, na sauti yake mnaijua ninyi wa Kilolo haihitaji kipaza sauti, "Huyu nimembeba mgongoni. Huyu nimemfuta kamasi. Hakuniuliza wakati anaondoka, leo ndiyo mimi nimpigie magoti? Hapana!"

Akageuka, akapita katikati ya watu, akaenda nyumbani kwake.

Mama Evarista aliniambia hivi, na aliposema hakuwa anacheka: "Hanifa, nilitegemea atajibu. Yule hakuwahi kukosa jibu maisha yake yote. Kama angejibu tungegombana pale, tukamaliza. Hakujibu. Alinyoosha tu mikono kwa mtu aliyefuata. Mimi nikatembea mpaka nyumbani nasikia mgongo unaniwaka."

Hawakuwa maadui, msinielewe vibaya. Padre Adrian alikuwa anakwenda Kilolo kila baada ya mavuno. Wanakula, wanacheka, anawachezesha wajukuu, anatoa habari za nyuki. Evarista naye alikuwa anampelekea njegere na viazi Kihesa. Lakini lile la magoti halikutajwa. Mwaka wa kwanza haukufaa, kwa sababu lilikuwa bichi. Mwaka wa tano haukufaa, kwa sababu lilikuwa limepoa na nani alichokonoe. Mwaka wa kumi, anasema Mama Evarista, lilikuwa limekuwa kubwa hata halipiti tena mlangoni. Ikawa miaka kumi na minane.

Na Padre Adrian pale Kihesa aliishi vipi? Kwa raha, wasikilizaji. Kwa raha tele. Alikuwa padre wa maungamo. Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya wengine, kwa sababu aliyewahi kusikilizwa alijua pia kusikiliza. Aliwafundisha mafrateri kuimba. Na maneno yake yote ya siku aliyabana, akayahifadhi kwa ile nusu saa baada ya chakula. Frateri mmoja, Shedrack, kijana wa Mbozi, alinieleza, "Mama, kengele ikilia tu, Padre Adrian alikuwa kama bomba limefunguliwa. Tulikuwa tunabeba viti tunakimbia kuwahi karibu naye."

Mwezi wa saba moyo wake ukaanza kusumbua. Akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Mama Evarista alikuwa kando ya kitanda siku mbili za mwisho. Alitaka kusema. Mara daktari akaingia, mara muuguzi, mara Padre Adrian akasinzia, na alipoamka akaanza yeye kusimulia habari za mgonjwa wa kitanda cha jirani. Alifariki asubuhi, jua limeshatoka, dada kaenda kuchukua chai.

Basi Mama Evarista akakaa chini na mjukuu wake Blessing, binti wa kidato cha pili, akaomba daftari. Akaandika kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza, utoto. Wa pili, makoti na ng'ombe. Wa tatu, magoti. "Nilimkataa mbele za watu," aliniambia. "Kumwomba radhi chumbani peke yangu kungekuwa kudanganya. Nilitaka wale wale wasikie."

Akafika Kihesa asubuhi ya mazishi, akamwendea mkuu wa nyumba, Padre Danieli, kijana wa miaka thelathini na minane aliyefundishwa na Padre Adrian mwenyewe. Akampa kurasa. Padre Danieli akazisoma mbili za kwanza kwa macho, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama, sisi hatusomi wasifu. Kanisani ni sala za kumwombea marehemu. Kaburini ni sala. Hatumsifu mtu."

"Mimi simsifu. Namsema."

"Na aliandika mwenyewe, Mama. Kwa mkono wake. Hotuba hapana, wasifu hapana."

"Yule kuandika kwamba watu wasiongee! Padre, wewe unaamini?"

Padre Danieli akashindwa kujizuia, akatabasamu. Lakini akasema, "Kanuni ni kanuni, Mama. Samahani sana." Mama Evarista akazikunja kurasa zake, akazirudisha kwenye mkoba, akaingia kanisani.

Kasula, yale mavazi ya misa ya mapadre, zilikuwa nyeusi. Jeneza liliwekwa kichwa kikielekea altare, miguu kwa watu, hata wazee wawili wa Kilolo wakaanza kunong'ona kwamba limegeuzwa vibaya, mpaka frateri mmoja akawanong'oneza kwamba padre hulazwa akiwatazama watu wake, kama wakati anawabariki. Wazee wakaafiki, wakasema hilo limekaa vizuri. Nyimbo zikaimbwa. Ubani ukafukizwa. Hakuna aliyetaja kwamba marehemu alikuwa mcheshi, wala kwamba aliuza makoti, wala kwamba aliwahi kunywa vikombe vitatu vya maziwa. Wakamzika nyuma ya nyumba, karibu na mizinga ya nyuki. Mama Evarista akatupia udongo wake, mkoba ukiwa begani. Wanawake wa kwaya ya Kilutheri walikuwepo. Walikuwepo wengi wa wale wa mwaka elfu mbili na saba. Sala ikaisha, watu wakaanza kujipangusa mikono.

Kilichobaki kilikuwa chakula.

Turubai lilikuwa limefungwa uani, maana watu walikuwa wengi kuliko ukumbi. Wali, nyama, maharage, kabichi. Watu wa shirika wakakaa kwenye meza zao ndefu, waombolezaji kwenye viti vyao. Padre Danieli akasimama, akawaeleza wageni kwa maneno machache kwamba nyumba hii inakula kimya huku mmoja akisoma, hata siku ya msiba, naye anawaomba wote wawasaidie kushika desturi hiyo. Watu wakatazamana. Watu wa Iringa, Wanyalukolo mia tatu, msibani, wamepewa nyama, halafu wanyamaze! Lakini wakanyamaza.

Mimbari ndogo ilikuwa imeletwa uani. Frateri Shedrack alikuwa ameshafungua kitabu. Padre Danieli akamwendea, akakifunga kile kitabu kwa upole, akatembea mpaka alipokaa Mama Evarista. Akainama akasema, nami nilikuwa kiti cha nyuma yake nikasikia, "Mama, kanuni inasema mezani pawe na msomaji. Haijasema asome nini, na haijasema awe nani."

Mama Evarista akasimama. Alitembea mpaka mbele ya watu, kama alivyotembea siku ile nyingine. Akatoa kurasa. Akaanza.

Wasikilizaji wapendwa, nimekaa kwenye kazi hii miaka kumi na minne, sijaona wasikilizaji kama wale. Hakuna aliyekohoa. Alisoma habari za kitenge na kisima. Alisoma balozi wa nyumba kumi. Mabega ya mapadre yakaanza kutikisika. Alipofika kwenye ng'ombe, wanaume ishirini na wawili wenye kanzu nyeusi walikuwa wameinamia sahani zao, macho mekundu, machozi yanawatoka, na hakuna aliyethubutu kutoa sauti. Mmoja alijiziba mdomo kwa kitambaa cha meza. Baba yangu, ambaye hana kanuni yoyote inayomfunga, alitoka nje ya turubai akaenda kuchekea kwenye migomba.

Halafu akafungua ukurasa wa tatu.

Alisoma polepole. Alisoma siku, alisoma mwaka, alisoma maneno aliyoyasema, yote, bila kupunguza. Halafu akasoma hivi: "Mdogo wangu, nilikukataa mbele za watu kwa sababu niliona umenikataa mimi. Nilikuwa nimekosea. Ulikuwa padre kweli, na mimi nilijua. Nisamehe." Akasimama pale, kurasa mkononi.

Hakuna aliyejibu. Kanuni hairuhusu. Hakuna aliyesema pole mama, hakuna aliyesema yamekwisha, hakuna aliyemkimbilia na leso. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye, "Hanifa, ile ndiyo ilikuwa rehema. Kama wangeniambia pole ningeishia njiani. Waliniacha nikamaliza." Padre Danieli akangoja kidogo, ndipo akapiga kengele.

Msomaji wa nyumba ile hula mwisho, baada ya wote. Kwa hiyo Padre Danieli alimletea Mama Evarista sahani yake mwenyewe, akakaa naye, mafrateri wachache wakasogea na viti. Padre akasema, "Mama, kuna kitu lazima nikwambie. Hiki kisa cha magoti tulikuwa tunakijua."

Mama Evarista akaacha kijiko. "Mnakijua vipi?"

"Padre Adrian alitusimulia. Kila mwaka, mafrateri wapya wakifika, ile nusu saa ya kwanza kabisa, anaanza na hicho. Anaigiza mpaka sauti yako. Mimi nimekisikia mara kumi na mbili."

"Anasimulia... kwa kulalamika?"

"Kwa kulalamika? Mama, alikuwa anacheka mpaka anashindwa kuendelea. Halafu anatumalizia hivi: siku mtakayopewa upadre dunia nzima itawabusu mikono. Mwombeni Mungu awape angalau dada mmoja anayekumbuka kamasi zenu."

Mama Evarista akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Sasa mbona mimi hakuniambia?"

"Tulimwuliza hilo. Akasema, ni neno la dada, akitaka atalileta mwenyewe. Yeye hana haraka, linamfurahisha."

Ndipo kile kicheko kikaanza, polepole, kama gari la kusukuma, kikashika. Akapiga meza kwa kiganja. "Miaka kumi na minane! Mimi silali, na yeye kanifanya kichekesho cha kufungulia mwaka!" Akajifuta macho kwa upande wa kitenge. Akawageukia mafrateri. "Alikuwa ananiigiza vipi? Nionyesheni."

Wakatazamana. Wakamsukuma Shedrack. Kijana akasimama na kanzu yake ya vifungo vingi, akaona haya, akashika kiuno, akainua kidevu, na sauti ikamtoka, nayo haikuwa yake. Ilikuwa ya Padre Adrian Kalinga akimwigiza dada yake. Ilikuwa imejaa mapenzi hata mtu asiyemjua angeyasikia.

"Tena," akasema Mama Evarista. Shedrack akarudia. Alirudia mara nne, mpaka nusu saa ikaisha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Mama Evarista, kwa Blessing na wajukuu wote wa Kilolo, kwa Padre Danieli na watu wote wa shirika la Mtakatifu Kasiani pale Kihesa, na kwa wazee wa Mwanjelwa walionunua makoti yasiyowatosha kwa sababu ya maneno matamu. Mungu ampumzishe Padre Adrian mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza. Huenda lipo neno unalotembea nalo miaka na miaka, la kumwambia kaka, dada, au mtoto wako. Unafikiri linamchoma kama linavyokuchoma wewe. Huenda ni kweli. Au huenda yeye alikwisha kulicheka zamani, anakungoja tu. Hutajua mpaka uulize. Sasa nafunga maikrofoni yangu mapema kidogo leo, dakika tano kamili, nikuachie nafasi ya kumpigia simu.